Vocha imeisha saa nne asubuhi: nani yuko kwenye waifai yako?

Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuongea juu ya namna ya kutunza picha za familia kwenye simu. Lakini barua zenu zimetubadilishia mpango. Ndani ya wiki mbili sanduku letu lilipokea barua tatu zinazouliza karibu kitu kimoja. Kijana mmoja anataka kujua kwa nini vocha ya waifai aliyonunua asubuhi iliisha kabla ya saa nne, na yeye aliandika meseji mbili tu. Mama mmoja anauliza kama mwenye kioski anaweza kusoma maneno anayomwandikia dada yake aliye Marekani. Na mzee mmoja alituma karatasi za familia yake kwa kompyuta ya kioski, mwezi umepita, sasa anauliza zile karatasi ziko wapi.

Swali la mzee ndilo zito kuliko yote, tutalifikia. Kwanza tuangalie namna waifai ya mtaani inavyofika kwako, maana usipojua njia huwezi kujua mwizi anakaa kona gani.

Mtu mwenye kamtaji kake ananunua intaneti kwa kampuni kubwa, ama kwa laini ya simu, ama kwa antena inayotazama mnara wa mbali. Anaiingiza kwenye kifaa kidogo kinachoitwa ruta. Ruta ni kama mgawaji pale bombani: maji yanaingia kwa bomba moja, yanatoka kwa ndoo nyingi. Halafu anasimamisha mti mrefu juu ya paa, anafunga antena, anarusha kwa vioski vingine viwili vitatu. Wewe unafika, unalipa kwacha zako, unapewa kikaratasi chenye namba, unaiandika kwenye ukurasa unaojifungua wenyewe, basi, umeingia. Watu hawa wametusaidia sana. Bila wao wengi wetu tungekuwa tunanunua bando kwa bei ya kampuni, na familia iliyoko Bukavu au Bujumbura tungeisikia mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo hatuandiki hapa kuwasema vibaya ndugu zetu wa vioski. Tunaandika kwa sababu kazi yao imekua kuliko ulinzi wake.

Namba ya vocha si kufuli

Wengi tunafikiri kwamba tukishaandika namba ya vocha, mazungumzo yetu yamefungwa. Hapana! Namba ya vocha ni kama tiketi ya mpira. Inamwambia mlinzi wa mlangoni kwamba umelipa. Ukishaingia ndani, unachopiga kelele kila mtu anakisikia.

Waifai ni redio, jamani. Simu yako inarusha, ruta inapokea, na yeyote aliye karibu mwenye kompyuta na programu inayofaa anaweza kusikiliza. Kama waifai ile haina paswedi, yaani ni ile inayojifungua yenyewe na kukuletea ukurasa wa vocha, basi hewani hakuna kufuli lolote. Kinachobaki kukulinda ni kufuli la huko unakokwenda: programu yenyewe au tovuti yenyewe.

Kama ina paswedi, swali linakuwa ni kufuli gani. La kwanza liliitwa WEP, na mwaka 2001 wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, walionyesha lilivyo dhaifu. Mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walilifungua kwa muda usiofika dakika moja. Utasema hiyo ni habari ya zamani, lakini ruta za mitumba bado zinafika kwetu, na nyingine zimewekwa kufuli hilohilo. Baada ya hapo ikaja WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. WPA2 ndiyo iko kwenye vioski vingi, na si mbaya. Tatizo lake ni kwamba kioski kikiwa na paswedi moja ya watu wote, iliyoandikwa kwa chaki ukutani, kila anayeijua na ambaye alikuwa anasikiliza wakati simu yako inaingia anaweza kufungua yanayopita kati yako na ruta. Ni kama nyumba ya vyumba kumi yenye funguo zinazofanana. WPA3 iliziba tundu hilo, ila ruta na simu zote mbili lazima ziwe zinaijua.

Na kuna jambo la simu za zamani. Oktoba 2017 mtafiti wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, anayeitwa Mathy Vanhoef, alitangaza udhaifu ndani ya WPA2 yenyewe, ukapewa jina la KRACK. Kampuni zilitoa marekebisho. Simu ambayo haijapokea marekebisho yoyote tangu wakati ule bado ina tundu lile, na tukiangalia simu zilizoko mikononi mwetu, baadhi ni za miaka hiyo kabisa. Hakuna haja ya kuitupa. Ila usiiamini kwa mambo makubwa.

Mwenye kioski anasoma?

Sasa tumjibu mama. Meseji za WhatsApp hapana, hawezi kuzisoma njiani. Tangu Aprili 2016 WhatsApp inafunga maneno, sauti na picha kwenye simu yako, na zinafunguliwa kwenye simu ya dada yako. Mwenye kioski, kampuni ya simu, hata wenye WhatsApp, wanapitisha mzigo uliofungwa tu. Anachoweza kuona ni kwamba simu yako inatumia WhatsApp, saa ngapi, na kwa uzito gani. Ukikaa saa mbili kwenye video kila Jumapili jioni, atajua. Utakayosema hatayajua.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 2010 Mmarekani mmoja, Eric Butler, alitoa programu ndogo iliyoitwa Firesheep. Mtu alikaa kwenye waifai isiyo na paswedi, akabonyeza kitufe kimoja, akaona orodha ya majirani walioingia Facebook, akachagua jina na kuingia kama yeye. Facebook ya wakati ule ilifunga ukurasa wa paswedi tu, mengine yote yalipita wazi. Aliitoa ili kuzipigia kelele kampuni, na zilisikia: mwaka 2013 Facebook ilifunga kurasa zake zote kwa kila mtu. Leo tovuti nyingi zinafunga, na anwani zake zinaanza kwa herufi https, hiyo s ya mwisho ndiyo kufuli. Simu ikikuandikia kwamba muunganisho si salama, au cheti cha tovuti kina kasoro, na wewe uko kwenye waifai ya mtaani, usibonyeze "endelea". Onyo lile mara nyingine ni tarehe ya simu yako imekosewa tu, irekebishe kwanza. Ikiwa tarehe ni sahihi na onyo bado liko, toka.

Hata hivyo kufuli si cheti cha uaminifu. Tapeli naye anaweza kujenga tovuti yenye https, ni bure. Kufuli linasema hakuna anayesikiliza njiani. Halisemi mtu uliyemfikia ni nani. Tovuti inayosema ni ya kusajili watu kwenda Kanada, yenye kufuli zuri na bendera, inakuomba namba ya kesi na dola hamsini, hiyo ni ya wezi. Huduma za UNHCR hazilipiwi, si za usajili wala za kuhamishiwa nchi ya tatu, na tovuti zake anwani yake inaishia na unhcr.org. Ikiwa neno hilo liko mwanzoni halafu linafuatwa na mkia mwingine mrefu, si yao.

Kijana na vocha yake

Ndugu, kabla hujamshika mtu shati, angalia simu yako mwenyewe kwanza. Tukisema kweli, mara nyingi mwizi wa vocha ni simu. Ukiingia tu kwenye waifai, yenyewe inafikiri umefika nyumbani kwa tajiri: inaanza kushusha matoleo mapya ya programu, kupandisha picha za jana, na Facebook inachezesha video ambazo hukuomba. MB mia tano zinaondoka wewe unaandika "habari ya asubuhi". Zima kushusha programu zenyewe, zima video kujicheza zenyewe, na ndani ya WhatsApp zuia picha na video kujishusha.

Lakini wizi wa kweli nao upo. Kila simu inapoongea na ruta inajitaja kwa namba yake ya waifai, kama namba ya nyumba. Ukishaandika vocha, ruta haikumbuki sura yako, inakumbuka namba ile: hii imelipa, ipite. Na namba ile inarushwa hewani bila kufunikwa. Mtu mwenye kompyuta anaisoma, anaivaa kama koti, na ruta inampitisha akitumia pesa zako. Waifai isiyo na paswedi ndiyo rahisi zaidi kwa mchezo huo.

Jaribio lake ni rahisi, na unaweza kulifanya bila ugomvi. Nunua vocha ndogo, ingia, halafu zima simu kabisa. Kaa na mwenye kioski nusu saa, mpige hadithi. Muombe afungue orodha ya wateja kwenye ruta yake, ile inayoonyesha kila vocha imetumia MB ngapi. Simu yako imezimwa, hesabu inapanda? Basi kuna mtu. Hesabu imesimama? Basi kesi ni ya simu yako. Na ukimaliza kutumia, usifunge simu tu ukaenda. Kwenye ukurasa wa vocha mara nyingi kuna kitufe cha kutoka, kibonyeze. Kinamwambia ruta kwamba umetoka mlangoni.

Yaliyotokea Brazil

Tumetaja mwizi anayekaa benchi la kioski. Yupo mwingine ambaye hajawahi kufika Malawi wala hataki kufika, na huyo ndiye anatupa wasiwasi zaidi, kwa sababu yeye hashiki mteja mmoja mmoja. Anashika ruta.

Watoa intaneti wadogo duniani, kutoka Amerika Kusini hadi Afrika, wanapenda ruta za kampuni ya MikroTik ya Latvia. Bei yake ni nafuu na zinajua kuuza vocha. Mwaka 2018 lilionekana tundu katika programu yake: mtu aliye mbali, bila paswedi yoyote, aliweza kusoma faili lenye majina na paswedi za wasimamizi wa ruta. Kampuni ilitoa marekebisho Aprili mwaka huohuo, bure. Kazi iliyobaki kwa mwenye ruta ilikuwa kushusha faili na kuwasha upya.

Wengi hawakufanya. Mwezi wa nane watafiti wakaona makumi ya maelfu ya ruta za Brazil zimeshikwa, na baadaye hesabu ya nchi zote ikapita 150,000. Aliyezishika alipachika kipande cha programu katika kurasa ambazo wateja wanafungua, ili simu na kompyuta zao zifanye kazi ya kumchimbia pesa za kielektroniki. Mteja aliona tu simu inapata moto na betri inakwisha. Akamlaumu mwenye waifai kwa intaneti mbovu, na mwenye waifai akamlaumu mwenye laini kubwa. Mwizi hakulaumiwa na mtu.

Sehemu ya pili ya hadithi hii ndiyo tunaomba wenye vioski waisome mara mbili. Septemba 2021 lilitokea jeshi kubwa la vifaa vilivyotekwa, likaitwa Mēris, likishambulia tovuti kwa kuzimwagia maombi mpaka zinazama. Kampuni ya MikroTik ilieleza kwamba ruta zilizotumika ni zilezile zilizoingiliwa 2018. Miaka mitatu! Wengine walikuwa wameweka toleo jipya, lakini hawakubadili paswedi. Mwizi alikuwa na ufunguo mfukoni, na fundi akabadili mlango akarudishia kitasa kilekile.

Wala si kampuni hiyo peke yake. Mei 2016 mdudu wa kompyuta aliingia kwenye antena za Ubiquiti, zile nyeupe zinazofungwa juu ya milingoti, kwa watoa huduma wadogo wa nchi kama Argentina, Brazil na Hispania. Alitambaa kutoka antena moja hadi nyingine, halafu akazirudisha kama zilivyotoka kiwandani, na wateja wakabaki gizani. Marekebisho ya tundu hilo yalikuwa yametolewa tangu Julai 2015. Ina maana karibu mwaka mzima dawa ilikuwa dukani.

Kwa nini watu hawanywi dawa? Tunaelewa, na tusiwahukumu haraka. Kusasisha ruta kunataka umeme usiokatika, na kwetu ukikatika katikati ya kazi ruta inaweza kufa kabisa. Kunataka intaneti ambayo ungewauzia wateja. Na zaidi ya yote kunataka kujua paswedi ya usimamizi, na hapa ndipo kwenye aibu kidogo: vioski vingi paswedi hiyo iko kwa fundi aliyefunga, na fundi ameshahama, au amekwenda Lilongwe, au ameshachukuliwa kwenda nchi ya tatu. Mwenye mali hana ufunguo wa mali yake. Au hakuna aliyeibadili tangu siku ya kwanza. Ruta za MikroTik za zamani zilitoka kiwandani na jina "admin" na paswedi tupu kabisa, na antena za Ubiquiti za wakati huo zilikuwa na neno "ubnt" kwa jina na kwa paswedi. Hii si siri tunayoitoa, mtoto wa sekondari anaikuta kwa dakika moja.

Kwa mwenye kioski tunasema hivi. Ikiwa hujui paswedi ya ruta yako, irudishe kama mpya na uipange tena, ukiwa na fundi unayemwamini amekaa pembeni yako, na paswedi uandike wewe kwa mkono wako, kwenye daftari lako la nyumbani. Fanya asubuhi sola ikiwa na nguvu, betri imejaa. Weka toleo jipya la programu. Badili paswedi baada ya hapo, si kabla. Funga mlango wa usimamizi ili usifunguke kutoka upande wa intaneti, ila kutoka ndani kwako tu. Kisha kuna kitu kinachowatenga wateja, ili simu ya mmoja isiione simu ya mwingine kwenye waifai hiyohiyo. Ruta nyingi zinacho, kimezimwa tu. Ukikiwasha hupotezi mteja hata mmoja. Na zipo ruta zinazoweza kumpa kila mteja paswedi yake peke yake, ukipata nafasi ya kununua nyingine uliza hilo dukani.

Paswedi ya waifai nayo isiwe 12345678 wala jina la kambi na namba moja. Mtu anaweza kunasa dakika ile simu inapoingia, akaenda nyumbani, akaacha kompyuta ikikisia usiku kucha. Neno fupi linapatikana kabla ya chai. Chukua maneno manne yasiyohusiana, changanya Kibembe na Kirundi na Chichewa kama tunavyochanganya sokoni. Kompyuta ya mwizi haikukulia hapa.

Mapacha wa uongo

Mtu yeyote anaweza kuwasha waifai ya simu yake na kuipa jina la kioski. Simu yako, ambayo ilishawahi kuingia pale, inaona jina inalolijua na inakimbilia yenyewe, hasa kama jina lile halina paswedi. Kinakuja ukurasa unaofanana na wa vocha, ila huu unaomba paswedi ya Facebook, au namba ya simu pamoja na namba ya siri ya Airtel Money au Mpamba.

Shikeni hili hata mkisahau mengine yote: hakuna waifai duniani inayohitaji namba ya siri ya pesa zako. Vocha inaomba namba ya vocha. Na kama unataka kutuma pesa, ile njia ya kubonyeza nyota na namba haipiti kwenye waifai kabisa, inapita kwenye mnara wa kampuni ya simu, kwa hiyo mwenye kioski na pacha wake wa uongo hawapo njiani. Zima kuunganisha kwenyewe kwa waifai zisizo na paswedi. Ukiondoka sokoni zima waifai, betri itakushukuru.

Watu wanatuuliza pia juu ya zile programu za VPN za bure. Zinafunga mazungumzo yako mpaka kwa mwenye VPN, na hapo yeye ndiye anakaa mahali pa mwenye kioski. Mwenye kioski unamjua, unajua na nyumba yake. Huyu wa bure unamjua? Sisi hatuzishabikii.

Na kwa vijana wanaoshusha programu za "kuonyesha paswedi za waifai": nyingi hazivunji chochote, zinakusanya paswedi kutoka kwenye simu za watu kama ninyi na kuwagawia wengine. Umeingia kutafuta ya jirani, umeacha ya kwenu. Halafu kuna sheria ya Malawi ya mwaka 2016 juu ya miamala ya kielektroniki na usalama wa mtandao, inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa. Kwa mkimbizi, kesi ya polisi si faini tu, inaweza kukaa kwenye faili lako miaka.

Karatasi za mzee

Sasa mzee wetu. Tumemuuliza alifanyaje, akaeleza: alipeleka karatasi, kijana wa kioski akazipiga picha kwa mashine, akazituma kwa WhatsApp ya mzee mwenyewe iliyofunguliwa kwenye kompyuta, mzee akalipa na kuondoka. Njiani zilifungwa vizuri. Tatizo halikuwa njiani. Picha zile zilibaki kwenye kompyuta, kwenye folda ambayo mteja wa baadaye anaweza kuifungua. Na WhatsApp ya mzee iliendelea kuwa wazi kwenye kompyuta ile, kwa sababu tangu 2021 ikishaunganishwa na kompyuta inaendelea hata kama simu imezimwa, na inakatika yenyewe tu kama simu haijatumika siku kumi na nne.

Mzee, na wengine wote mliofanya hivyo: fungua WhatsApp kwenye simu, bonyeza vile vidoti vitatu juu, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa. Utaona orodha. Kompyuta yoyote usiyoitambua, au ambayo ulimaliza nayo, ibonyeze na uitoe. Inachukua nusu dakika na haigharimu kitu. Halafu rudi kioski, kwa heshima, muombe kijana afute picha zako mbele ya macho yako, na zile zilizoko kwenye pipa la takataka la kompyuta pia, maana kufuta mara moja kunahamisha tu. Siku nyingine kaa mpaka afute ndipo ulipe.

Kwa karatasi zenye majina ya watoto, tarehe za kuzaliwa, namba ya kesi na sababu za kukimbia, ni vizuri zaidi kuzipiga picha kwa simu yako mwenyewe au ya mwanao, mchana, karibu na dirisha, na kuzituma kwa njia iliyofungwa. Kuna watu humu kambini waliokimbia watu fulani, na watu hao wana jamaa. Karatasi inayosema nani alikufanya nini haifai kulala kwenye kompyuta ya umma hata usiku mmoja. Wenye vioski wanaweza kusaidia kwa kufuta folda ile kila jioni kabla ya kufunga mlango. Vioski viwili vimeshatuambia vinafanya hivyo, tunawashukuru.

Kama una kioski na hujui pa kuanzia na ruta yako, andika jina la ruta lililo chini yake na uliweke kwenye sanduku letu kabla ya tarehe 20, tutakutafutia kijana wa kukusaidia bila malipo. Usiandike paswedi kwenye karatasi hiyo. Mwezi ujao tunarudi kwenye picha za familia: tuleteeni maswali, na kama una albamu ya karatasi iliyopona safari, tungependa kujua uliibebaje.